Sauti ya Kaka Yangu na Wapiga Fidla Sitini

Kaka yangu alikuwa na maksai mmoja aliyempenda kuliko mimi, na sina kinyongo, kwa sababu yule maksai hakuwahi kumharibia kitu.

Alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi ubavuni. Pembe moja ilikunjwa kuja mbele na nyingine kurudi nyuma, kazi ambayo kaka aliifanya mwenyewe mnyama akiwa bado mdogo. Mwanamume wa kwetu humtungia maksai wake wimbo, na wimbo huo huuongoza yeye mwenyewe. Wenzake wataitikia, watapiga makofi, wataruka, lakini kuuanzisha na kuubeba ni kazi ya mwenye maksai peke yake. Kaka aliubeba wimbo wake miaka mingi, kutoka upande wa Kakuma hadi Lokori na kurudi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mifugo ng'ambo ya bonde.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Lodwar walimchungulia, wakampeleka Kenya. Ndivyo sisi wazee wa huku tunavyosema bado kwa mji wowote ulio ng'ambo ya Kapenguria. Kenya wakamchungulia tena, wakampa siku ya kurudi kupasuliwa. Wangeondoa uvimbe pamoja na kisanduku chote cha sauti. Angeishi, ila hangeongea tena.

Aliporudi alishukia Lodwar kwangu kabla hata ya kwenda kwake Kakuma. Alikaa juu ya kigoda chake uani, akanitazama.

"Karani," akasema. Ananiita hivyo tangu nilipomaliza kidato cha nne nikaajiriwa kuhesabu magodoro katika stoo ya serikali. "Una mashine ya kuweka sauti."

"Ninayo."

"Weka yangu."

"Niweke ukiongea nini?"

"Nina nini cha kuongea mimi? Weka wimbo. Nikinyamaza bila kuuacha mahali, yule atakuwa nyama tu."

Ningemjibu "sawa" na kunyamaza, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mimi nilikuwa mzee mwenye kiburi kipya. Nilipostaafu, binti yangu alininunulia laptopu ili niwasalimie wajukuu, na kwa kuwa naongoza kwaya kanisani, mtu mmoja akaniwekea ndani yake programu ya muziki. Programu ile ilikuwa na okestra nzima: wapiga fidla sitini, matarumbeta, mazumari, kinubi, ngoma za shaba, na wote hawali, hawalali, wala hawaombi nauli. Nilikuwa nimeshaitengenezea kwaya nyimbo mbili za Krismasi. Waumini walisema zilikuwa na kelele nzuri. Nikajiona nimefika.

"Nitakuwekea okestra nyuma yako," nikamwambia.

"Okestra ni nini?"

"Watu wengi wenye fidla. Wanavaa nguo nyeusi, wanakaa kwa mistari."

"Wamefiwa?"

"Hapana. Ndivyo wanavyofanya kazi."

"Na wanamjua maksai wangu?"

"Nitawafundisha," nikasema. Mungu anisamehe.

*

Laptopu yangu haina maiki ya maana, kwa hiyo tulikubaliana kurekodi Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongo mwenye studio karibu na kambi ya wakimbizi. Studio ilikuwa chumba cha mabati kilichofunikwa kwa magodoro ukutani, na joto lake lilikuwa la tanuri la mkate. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeamini kwamba hakuna wimbo usioweza kuponywa kwa kuongeza kwaya ya akina mama.

Kaka alikuja asubuhi akitokea ng'ambo ya mto mkavu, na alikuja na maksai.

"Papa," fundi akaniambia kwa sauti ya chini, "ule ng'ombe anafuata nini?"

"Hawezi kuimba bila kumwona."

"Ataingia mu studio yangu?"

"Kichwa tu. Mlangoni."

"Kichwa tu! Na makalio yake yatabakia mu barabara ya watu? Pikipiki zitapita wapi?"

Kaka hakuwa anafuata mazungumzo hayo. Alikuwa ameshamwingiza mnyama hadi mabegani, na mnyama alikuwa ameshaanza kuonja godoro la ukutani. Fundi akapiga kelele, akatoka kwa dirisha, akazunguka nje na kushika kamba ili amzuie asile studio. Ndiyo maana mimi ndiye niliyebaki mbele ya mashine.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Sauti inapoingia katika mashine hupita mlangoni, na upana wa mlango huo mafundi huuita geini. Ukiufanya mwembamba, sauti inaingia kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Ukiupanua kupita kiasi, sauti inaingia kwa kishindo, taa nyekundu inawaka, na vilele vya sauti vinakatwa kama majani yaliyopitiwa na mbuzi. Ikishakatwa imekatwa. Hakuna programu itakayorudisha kilele ambacho hakikuingia. Kwa hiyo kabla ya kurekodi unamwomba mtu aimbe kidogo, kwa nguvu zake zote, nawe unapima.

"Imba kidogo nipime," nikamwambia kaka.

"Nimwimbe kidogo?"

"Mstari mmoja tu. Majaribio."

"Maksai anaimbiwa majaribio?" Akamgeukia mnyama kana kwamba anamwomba radhi kwa ajili yangu. "Ukianza kumwimba, unamwimba. Unataka niseme jina lake halafu ninyamaze, asimame hapo akishangaa nimekufa?"

Alikuwa na haki. Mimi nilizaliwa katika boma hilohilo, nililala chini ya ngozi moja naye, nililijua jambo hilo kabla ya kujua kuandika. Lakini nilikuwa na kichwa kilichojaa fidla. Nikamwambia, basi, sema chochote.

Akaisogelea maiki, akaisalimia kama unavyomsalimia mgeni usiyemjua. "Ejok," akasema. Akangoja. Maiki haikujibu. "Ejok-a?" akarudia, kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayeingia nyumba ya wakwe.

Nikapima geini kwa salamu hiyo. Nikapanua mlango mpaka "ejok" ikajaa vizuri, taa ikiwa kijani kibichi, pazuri kabisa. Nikajipongeza.

"Haya," nikasema, "mwimbe."

Sijui niseme nini kuhusu wimbo ule. Alianza chini, karibu na kunong'ona, akimtaja maksai kwa rangi zake. Kisha akanyanyuka. Mikono ikapanda juu ya kichwa, mmoja umekunjwa mbele na mwingine nyuma, kama zile pembe. Miguu ikapiga sakafu. Sauti ikatoka, ile ya bondeni, yote, yenye mkwaruzo wa ugonjwa juu yake kama kutu juu ya mkuki, na maksai akaacha godoro akainua kichwa.

Taa nyekundu ikawaka.

Niliiona, na nilijua maana yake. Kisukumio cha geini kilikuwa kidole kimoja kutoka mkononi mwangu, na kukishusha kusingemsumbua mtu yeyote. Kaka asingejua. Wimbo ungeendelea. Kilichotakiwa ni kidole.

Lakini mikono yangu haikuwa pale. Mwenzako anapomwimba maksai wake nawe uko karibu, unainua mikono yako pia, unakuwa pembe pamoja naye, na unaitikia. Hilo halisubiri akili. Nilikuwa nimesimama, mzee wa kanisa mwenye miwani, mikono yote miwili imepanda hewani nikiitikia kwa machozi, huku mbele yangu taa ikiwaka nyekundu kama jicho la mlevi. Nje fundi alikuwa anapiga kelele, "Papa! Shusha! Shusha!" Aliisikia kupitia spika. Mimi nilidhani anaitikia.

Kaka alipomaliza aliinama akakohoa damu kwenye kitambaa. Akaketi.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka," nikasema.

Fundi aliingia, akavaa vile vya masikioni, akasikiliza. Nikamwona akikunja uso. "Papa," akaniambia pembeni, "yote imepasuka. Aimbe tena."

Nikamtazama kaka. Alikuwa ameegemea shingo ya mnyama, amefumba macho, na kifua kinapanda na kushuka kama cha mtoto mwenye homa. Gari la kumpeleka Kenya lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Ningeweza kumwomba. Sikumwomba. Nilijiambia ni huruma, na kwa kiasi fulani ilikuwa huruma. Kiasi kilichobaki kilikuwa aibu ya karani.

"Tutaitengeneza," nikamwambia fundi.

"Kwa kwaya ya akina mama," akasema.

"Kwa fidla," nikasema.

*

Wiki zilizofuata, kaka akiwa hospitalini, mimi nilikuwa sebuleni Lodwar nimetumbukiza miguu katika beseni la maji, laptopu imekaa juu ya gunia bichi ili isizimike kwa joto. Nilikuwa nafunika. Kila mahali sauti ya kaka ilipopasuka, na ilipasuka karibu kila mahali palipo pazuri, niliweka chombo juu yake kama mtu anayeweka mkeka juu ya sakafu yenye nyufa.

Fidla zilifunika vizuri, lakini ukizipandisha zinamzamisha kabisa. Nikazishusha nusu desibeli, ufa ukaonekana. Nikazipandisha robo. Kinubi kikapotea. Nikapandisha kinubi, kikaanza kusikika kama masufuria yakioshwa. Nikaleta ngoma za shaba kwa ajili ya vishindo vya miguu, taa nyekundu ikawaka kwenye mlango mkuu ambako vyombo vyote hupitia, nikashusha kila kitu sawasawa, ufa ukarudi. Zumari moja lilinichukua siku nzima. Nilikuwa nalisogeza kwa kiasi ambacho nina hakika hata mbwa asingekisikia, kisha nafunga macho, nasikiliza, natikisa kichwa, narudisha palepale.

Pale ambapo ilikuwa imeharibika zaidi, katika mistari ya kumtaja maksai kwa sifa zake, hakuna fidla iliyotosha. Nikachukua tuba. Ni tarumbeta kubwa kuliko yote, lenye tumbo, linalounguruma chini kabisa. Nikalifundisha tuni ya kaka noti kwa noti, lifuate mle mle anamopita, ili palipopasuka yeye liwe limeshika nafasi.

Mke wangu alivumilia mpaka akachoka.

"Baba," akasema kutoka jikoni, "nyumba hii ina watu wawili na wapiga fidla sitini. Nawauliza wote: nani atakwenda kuchota maji?"

"Ngoja nishushe hizi kidogo."

"Ulizishusha jana."

"Jana nilizipandisha."

Akaja akasimama nyuma yangu, akasikiliza wimbo wote, mikono kiunoni. Nilingoja hukumu.

"Shemeji yangu yuko wapi humo?"

"Yuko hapo katikati. Sikiliza vizuri."

"Nasikia harusi ya Wazungu," akasema, "na mtu mmoja amefungiwa kabatini."

Nikashusha fidla desibeli nzima kwa hasira. Mtu akatoka kabatini, amepasuka kichwa mpaka miguu. Nikampandishia tena.

*

Kaka alirudi na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa cheupe, na alikuwa hai. Nataka hilo lieleweke: tulifurahi. Ndugu zetu wa Katilu walituma mahindi, kanisa likatuma mchele, na mke wake alichinja mbuzi. Alipumua kwa lile tundu kwa sauti ya filimbi ndogo, na alizungumza kwa mikono. Mke wake huyo, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa mkalimani.

Nilikwenda Kakuma na laptopu, spika kubwa niliyoazima kanisani, na betri ya gari. Watu wa boma walikaa mchangani. Maksai alifungwa karibu, kwa heshima. Nikabonyeza.

Fidla sitini zilianza.

Mzee mmoja jirani akainama sikioni kwangu. "Hawa wanaolia ni akina nani? Kuna msiba?"

"Ndiyo mwanzo wa wimbo."

"Pole," akasema hata hivyo.

Kinubi kikaingia. Mbuzi wakaondoka. Maksai alivuta kamba mpaka ikakaza, akatugeuzia makalio. Kaka alikaa juu ya kigoda chake, kichwa kimeinama, akitafuta. Niliona kabisa kwamba anatafuta. Alitafuta katika ubeti wa kwanza na wa pili, kisha akainua mkono, kiganja kikitazama chini, akaushusha polepole.

"Anasema shusha," akasema shemeji.

"Nimeelewa." Nikashusha fidla.

Kiganja kikashuka tena. Nikaondoa kinubi, ngoma za shaba, lile zumari langu la siku nzima. Sauti yake ikabaki na tuba. Nayo sauti, bila mikeka, ilikuwa kama mtu anayeimba akiwa amejaza kokoto mdomoni. Watoto wakacheka, mama yao akawachapa kofi. Kaka hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza hadi mwisho wa ubeti, jicho lake kwangu, na nikaona amejua. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho, na mahali pa kukihifadhi palikuwa kidole changu.

"Kaka," nikasema, "geini ilikuwa juu mno. Ni mimi. Taa iliwaka nikaiona. Nilikuwa nimeinua mikono."

Alinyoosha kidole kwa laptopu, kisha kwa koo lake, kisha kiganja kikashuka.

"Hata wewe?" nikauliza. "Nikushushe wewe?"

Kiganja kikashuka mpaka kikagusa mchanga.

Nikashusha sauti ya kaka yangu hadi mwisho.

Likabaki tuba peke yake, likiunguruma wimbo wa maksai chini kabisa kama gari linalopanda mlima. Nikataka kuzima kwa aibu. Kaka akasimama, akaja kwenye spika, akaweka kiganja juu ya kitambaa kinachoifunika spika, panapotetemeka. Akakaa hivyo. Yule maksai akageuza shingo, mimi nadhani kwa sababu ya kupe, shemeji anasema si kupe. Kisha kaka akanigeukia, kiganja kikatazama juu, kikapanda.

Nikapandisha. Kikapanda tena. Nikapandisha tena. Kikapanda.

"Mwambie basi," nikamwambia shemeji. "Zaidi ya hapa spika itapasuka."

"Mwambie mwenyewe, anasikia. Walimtoa koo, si masikio."

"Kaka, itapasuka."

Kiganja juu.

"Nusu desibeli tu, basi!"

"Mpe anachotaka!" akafoka shemeji. "Mara hii wewe ndiye unajua kipimo?"

Nikampa nusu. Akataka nusu nyingine, nikampa robo. Tulibishana hivyo, mimi kwa maneno na yeye kwa mkono, watu wakishangilia kama kwenye mpira, mpaka tukafika mahali ambapo spika ilitetemeka yote bila kukwaruza. Hapo kiganja kikasimama. Akarudi nyuma hatua chache, akainua mikono, mmoja mbele na mwingine nyuma, akamwimba maksai wake kwa tuba.

*

Sasa naitwa kila panapokuwa na shughuli. Napanda gari Lodwar na laptopu na betri, nakaa mchangani nyuma ya spika, na vijana wanapiga kelele, "Mzee, ongeza!" wala siongezi. Namtazama kaka tu. Upepo ukibadilika namtazama. Watu wakizidi namtazama. Nimekuwa mtu wa robo desibeli, na wenzangu kanisani wanasema kwaya haijawahi kuwa na sauti nzuri namna ile. Sijui kama kuna mtu aliyenunua ujuzi wake kwa bei kama yangu.

Sauti yake sikuifuta. Hakuniambia niifute, aliniambia niishushe. Kwa hiyo kila tunapocheza wimbo nayo inacheza, mstari kwa mstari chini ya tuba, kisukumio chake kikiwa mwisho kabisa, na hakuna anayeisikia.

Mara moja, kwenye harusi, kidole changu kiliteleza kwa jasho kikakisukuma juu kisukumio hicho. Ikatoka, katikati ya ubeti wa sifa, imepasuka, kubwa, ile ya bondeni. Watu wakacheka wakidhani spika imeharibika. Kaka alikuwa ameinua mikono na amenipa mgongo. Hakugeuka. Alisimama tu akaiacha ipite mstari mmoja, kisha akateremsha mkono wa nyuma, kiganja chini, taratibu, nami nikaishusha.